Nyasi ndefu huku, notisi kule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bustani za mimea ya asili Minneapolis, St. Paul na miji ya jirani

Barabara ya 53rd Avenue North ndiyo mpaka wa Minneapolis na Brooklyn Center, jimboni Minnesota, Marekani. Upande wa kusini uko mji mmoja, ukivuka tu umeingia mwingine. Hakuna ukuta, hakuna kizuizi, hata lami ni ileile. Lakini mkaguzi wa mji anayekuja kupima nyasi zako ni mtu mwingine, na sheria ndogo anazotumia zimepitishwa na baraza lingine.

Maswali haya yamenijia kwa miaka kadhaa, mengi kutoka kwa Wakenya wenzangu walionunua nyumba Brooklyn Park na Brooklyn Center, mengine kutoka kwa Wakongo na Watanzania waliotapakaa jimbo zima la Minnesota. Mimi si wakili. Ni mtu wa bustani ambaye aliwahi kurudi kazini usiku akakuta notisi, karatasi ya onyo kutoka kwa mji, imebandikwa mlangoni.

Ni kweli nyasi zikipita inchi nane ni kosa?

Ni kweli, ila usiishie hapo. Inchi 8 ni kama sentimita 20, pungufu kidogo ya shubiri ya mtu mzima. Kipimo hicho kinatumika Minneapolis, kinatumika St. Paul, na kimo pia kwenye sheria ya jimbo, kifungu cha 412.925, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango. Inaulazimu kila mji umruhusu mwenye nyumba kupanda na kutunza bustani ya mimea ya asili au ya kigeni: nyasi, maua ya porini, majani mapana, vichaka, miti, hata bustani ya kufyonza maji ya mvua. Ndani ya bustani ya namna hiyo, mimea ina ruhusa ya kupita inchi 8 na kuachwa itoe mbegu. Masharti ni mawili: isiwe na magugu yaliyopigwa marufuku, na ionekane inatunzwa.

Kuna jambo moja limewekwa wazi, na ndilo linalowanasa wengi. Ukoka wa kawaida ulioachwa ukue ovyo kwa kisingizio kwamba unarudi katika hali ya asili hauhesabiwi kuwa bustani. Lazima iwe imekusudiwa na kupandwa. Kulaza mashine ya kukata nyasi gereji tangu Mei hadi Agosti hakukupi kinga yoyote.

Sheria ya jimbo ni moja. Mbona mimi nimeruhusiwa na dada yangu wa mji wa pili amepewa notisi?

Kwa sababu uwanja wako, hata ukiwa mdogo kama zulia la sebuleni, una wenyewe wengi. Sheria ya 2023 inazungumzia ardhi ya mtu binafsi. Kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara, ambacho watu wa huku wanakiita boulevard, kwa kawaida kiko ndani ya eneo la barabara linalosimamiwa na mji, ingawa wewe ndiye unayekikata. Kona ya njia panda ina sheria zake, maana dereva lazima aone. Ukiwa ufukweni mwa ziwa, jimbo lenyewe linaingia: mimea iliyo majini huwezi kuing'oa hivihivi, kuna kibali cha idara ya maliasili. Ukiwa kwenye mtaa wenye chama cha wamiliki wa nyumba, kuna kijitabu kingine ulichokitia sahihi siku ya kununua bila kukisoma. (Hakuna aliyekisoma.)

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mmea fulani unaruhusiwa, uliza unasimama kwenye ardhi ya nani. Nimeona mama mmoja akipewa hongera na mkaguzi kwa maua yaliyo mbele ya dirisha, na siku hiyohiyo akaambiwa apunguze maua yaleyale, ya pakiti moja ya mbegu, yaliyo hatua sita mbele yake karibu na barabara.

Tofauti nyingine haimo kwenye maandishi. Kuna miji ambayo mkaguzi huzunguka mitaa kwa gari, na kuna miji ambayo hatoki ofisini mpaka jirani apige simu. Sheria inaweza kuwa neno kwa neno sawa, lakini kuishi nayo kukawa vitu viwili tofauti.

Na neno "kutunza" kila mji unalisoma kwa macho yake. Mmoja unataka uache nafasi kidogo kutoka mpaka wa jirani. Mwingine unapenda kuona mchoro wa ulichokusudia. Mwingine haujali chochote ilmradi njia ya miguu iko wazi. Usichukue jibu la mji wa shemeji yako ukalitumia kwako.

Hicho kipande cha barabarani, naweza kukipanda?

Katika miji mingi ndiyo, kwa masharti ya urefu. Namba zenyewe usizichukue kwangu wala kwa jirani. Nenda kwenye tovuti ya mji wako, andika neno boulevard kwenye kisanduku cha kutafutia, usome ukurasa wa mwaka huu. Miji imekuwa ikibadilisha sheria hizi mara kwa mara, na karatasi iliyochapishwa kitambo inaweza kukuponza.

Ninachoweza kukuambia kwa hakika ni kuhusu miti. Minneapolis ina bodi ya bustani za umma inayochaguliwa na wananchi, iliyoundwa mwaka 1883, na hiyo ndiyo yenye mamlaka juu ya miti ya kando ya barabara. Si ofisi ya jiji unayolipia maji, na si wewe. Usiipogoe, usiikate, wala usipande mwembe wa ndoto zako pale. Kule St. Paul kazi hiyo iko chini ya idara ya jiji lenyewe. Ukihama kutoka mji mmoja kwenda wa pili, hata namba ya simu ya kuuliza habari za tawi lililokauka inabadilika.

Jingine ni chumvi. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na yote huishia kwenye kipande hicho. Mimea laini hufa. Nyasi za asili za mbugani zinastahimili kuliko ukoka wa dukani, na kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuzijaribu.

Nataka kupanda chinsaga (mgagani) na managu (mnavu) mbele ya nyumba, maana nyuma hakuna jua. Inaruhusiwa?

Hapa ndipo tofauti za miji zinapouma. Sheria ya 2023 inataja nyasi, maua, vichaka na miti. Neno mboga halimo. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi: Florida mwaka 2019 ilipitisha sheria ya kuzuia miji kupiga marufuku bustani za mboga za nyumbani. Minnesota haijaandika hivyo kwenye kifungu hiki, kwa hiyo mboga za mbele ya nyumba bado zinategemea baraza la mji wako.

Mfano unaotajwa sana ni wa Falcon Heights, mji mdogo ulioungana kabisa na St. Paul, pale penye viwanja vya maonyesho ya jimbo. Mwaka 2020, mwezi wa Mei, wakati kila mtu yuko nyumbani kwa sababu ya korona na anatafuta pa kulima, baraza lake lilisimamisha kwa muda bustani za mboga mbele ya nyumba. Umbali wa dakika tano kwa baiskeli, watu walikuwa wakiendelea kupanda nyanya zao.

Ushauri wangu: ikiwa lazima iwe mbele, changanya. Panda chinsaga katikati ya maua, weka ukingo wa mawe au mbao, usiache mabua makavu yasimame baada ya kuvuna. Mboga ikichanua ndani ya bustani iliyopangika, hata jirani mkorofi hushindwa aandike nini kwenye malalamiko. Na kabla hujala chochote kilichoota karibu na barabara au nyumba ya zamani, peleka udongo ukapimwe madini ya risasi (lead). Maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima kwa ada ndogo, nayo iko hapohapo Falcon Heights.

Jirani ameniambia mchicha wangu ni gugu. Ana haki?

Mchicha wako wa kula, hapana. Lakini ana sababu ya kutazama mara mbili.

Kuna ndugu wa mchicha anayeitwa Amaranthus palmeri. Mashamba ya mahindi na soya yanamwogopa sana. Hukua haraka, hutoa mbegu kwa malaki, na dawa nyingi hazimgusi. Minnesota imemweka kwenye daraja kali kuliko yote: akionekana lazima atokomezwe, juu ya ardhi na chini ya ardhi. Aligunduliwa jimboni kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na aliingilia mlango ambao hakuna aliyeutegemea. Alikuja ndani ya mbegu zilizonunuliwa kwa ajili ya kupanda mimea ya asili. Watu walikuwa wanarudisha mbuga, wakapanda adui.

Kumtambua, chukua jani, ulikunje kikonyo chake juu ya jani lenyewe. Kikonyo kikizidi urefu wa jani, na shina halina vinyweleo hata kidogo, usile wala usisubiri. Piga picha, wapigie watu wa idara ya kilimo ya jimbo. Mbegu za mchicha nunua dukani kwa muuzaji anayejulikana. Zile za kwenye karatasi ya gazeti kutoka kwa rafiki wa rafiki, najua zina ladha ya nyumbani, lakini ziache.

Magugu marufuku ni yapi, na nani anaamua?

Jimbo ndilo linaloamua, na orodha ni moja kwa miji yote. Ina madaraja. Mengine ni lazima yatokomezwe. Mengine, kama mbaruti wa Kanada (Canada thistle), ni lazima yadhibitiwe yasitawanye mbegu. Mengine, kama kile kichaka cha buckthorn kinachobaki kijani mpaka Novemba wakati miti yote imepukutika, huruhusiwi kukiuza, kukisafirisha wala kukipanda, ingawa hakuna anayekulazimisha kukikata kama ulikikuta.

Jambo ambalo huwachekesha wageni wangu: kwa sheria ya Minnesota, meya ndiye mkaguzi wa magugu wa mji wake. Anaweza kuteua msaidizi, na karibu wote huteua, lakini cheo ni chake. Ukiandikia ofisi ya meya kuhusu mbaruti wa jirani hujapotea njia.

Maziwamaziwa ya Asclepias (milkweed), yale yanayoliwa na viwavi wa kipepeo wa Monarch, hayamo kwenye orodha ya jimbo. Bado utakutana na mzee atakayekuapia kwamba ni gugu haramu. Kipepeo huyo ni nembo ya jimbo tangu mwaka 2000 na watoto wake hawali kitu kingine. Mwambie taratibu.

Nimebandikiwa notisi mlangoni. Nifanyeje?

Kwanza usikate kitu. Ndilo kosa nililofanya mimi. Nilirudi usiku, nikasoma "tall grass and weeds", kesho yake alfajiri nikafyeka misimu miwili ya kazi kwa woga. Baadaye nikaja kujua kwamba mji ule (siutaji, tumesameheana) ulikuwa unalalamikia futi nne za kando ya barabara tu.

Soma tarehe ya mwisho, maana siku zinahesabika na hutofautiana kati ya mji na mji. Piga simu kwa mkaguzi aliyetia sahihi, umwombe aje mtembee naye. Usibishane, mwulize: "Ni sehemu gani hasa?" Mwonyeshe majina ya mimea, risiti za mbegu, picha za mwaka jana. Mtajie kifungu cha 412.925, wakaguzi wengi wanakijua, na asiyekijua atakwenda kukisoma.

Ukinyamaza, mji utaleta kampuni ya kukata na ankara itakuja kwako. Usipoilipa, inaongezwa kwenye kodi ya nyumba kama tozo maalumu. Nimeona ankara iliyozidi bei ya mashine mpya ya kukatia.

Kutunza kunaonekanaje?

Swali hili ningependa liulizwe la kwanza. Joan Nassauer, aliyekuwa akifundisha usanifu wa mandhari Chuo Kikuu cha Minnesota, alilieleza miaka ya 1990: watu hawaogopi mimea mirefu, wanaogopa mimea isiyo na dalili ya mtu. Ukikata ukanda safi wa futi mbili kuzunguka bustani, ukaweka benchi au kibao kidogo, ukaondoa matawi yaliyoangukia njia ya miguu, macho ya mpita njia hutulia. Bustani ni ileile, vipepeo ni walewale.

Sisi tumelelewa na mama aliyefagia uwanja mpaka udongo uking'aa, na alama za ufagio zilikuwa heshima ya boma. Ukingo uliokatwa ndio alama za ufagio za huku.

Nyoka je?

Wale wenye sumu Minnesota wako kusini-mashariki, kwenye majabali ya Mto Mississippi. Wa bustanini mjini ni wembamba wenye mistari, wanaokula minyoo. Shangazi yangu bado hapiti karibu na bustani yangu, na sijaribu tena kumshawishi.

Chama cha wamiliki wa nyumba kimenikatalia. Sheria ya jimbo hainilindi?

Hapana. Kifungu kile kinaufunga mji, hakiufungi mkataba uliouingia na chama chako. Ndiyo maana watu wawili wa mji mmoja, mtaa huu na ule, wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa. Kinachofanya kazi ni kuhudhuria mkutano wa mwaka na kuomba kipande kidogo cha majaribio, na kuomba kabla hujapanda.

Mimi ni mpangaji.

Sheria inamtaja pia mkazi aliyeruhusiwa. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ujumbe wa simu ni bora kuliko maneno ya mdomo.

Ile "No Mow May" ya kutokata nyasi mwezi wa tano inanihusu?

Inategemea baraza lako. Edina waliikubali rasmi mwaka 2022, na kwa mwezi huo hawakuadhibu nyasi ndefu. Majirani zao wengi hawakufuata. Wazo hilo lilivuma Marekani kutoka Appleton, Wisconsin, mwaka 2020, na utafiti wa Appleton uliolipa nguvu ulifutwa na jarida mwaka 2022 baada ya kasoro kuonekana kwenye data. Mimi sikatai, ila ukoka ulioachwa bila maua hauna chakula cha nyuki, na ifikapo Juni una kazi ya kufyeka msitu. Ni afadhali uchanganye maua mafupi ndani ya ukoka mara moja, ukate kwa kiwango cha juu, umalize ugomvi na kila mji.

Kuna pesa za kusaidia?

Zipo. Mpango wa jimbo unaoitwa Lawns to Legumes, ulioanza 2019, umekuwa ukirudisha robo tatu ya gharama, hadi dola 400 katika awamu za karibuni. Unaomba kwanza, unachaguliwa, unapanda, ndipo unarudishiwa kwa risiti. Aliyepanda kabla ya kuchaguliwa hapati. Kipaumbele hupewa maeneo anakoishi nyuki mnene wa kiraka cha kutu, Bombus affinis, aliye hatarini kutoweka na aliyetangazwa nyuki wa jimbo mwaka 2019. Sehemu kubwa ya Minneapolis na St. Paul imo.

Zaidi ya hapo kuna mamlaka za mabonde ya maji, na mipaka yao haifuati mipaka ya miji. Shingle Creek, kwa mfano, inachukua Brooklyn Park, Brooklyn Center, Crystal, Osseo na sehemu ya Minneapolis. Jirani wa nyuma ya uzio anaweza kuwa kwenye bonde lingine lenye ruzuku nono kuliko lako. Angalia ramani kabla ya kukata tamaa.

Mbolea na dawa za kuua wadudu zina tofauti kati ya miji?

Mbolea, kidogo. Fosforasi kwenye ukoka imezuiwa jimbo zima tangu 2005, isipokuwa kwa ukoka mpya au udongo uliopimwa ukaonekana hauna. Dawa ndiyo yenye hadithi: kwa miaka mingi miji ya Minnesota haikuwa na mamlaka ya kuzizuia hata ikitaka. Mwaka 2023 bunge la jimbo liliiruhusu miji ya daraja la kwanza pekee, yaani Minneapolis, St. Paul, Duluth na Rochester, kuzuia zile zinazoua wachavushaji kama nyuki. Brooklyn Park na Bloomington, pamoja na ukubwa wao, hazimo.

Naanza Jumamosi hii. Kuna chochote nimesahau?

811, namba ya simu ya wanaoweka alama za nyaya na mabomba ya chini ya ardhi. Piga kabla ya kuchimba, hata kama ni shimo la mche mmoja; ni bure. Watakuja kuweka bendera ndogo juu ya nyaya na mabomba, na wanahitaji angalau siku mbili za kazi. Kwa hiyo Jumamosi hii umeshachelewa. Tumia siku hiyo kupima mpaka wako na kununua mbegu kwa jina la Kilatini, ukichimba wiki ijayo.